Mbolea ya Maji kwa Mashamba ya Kuruwitu
Mwaka 2005 watu wa Kuruwitu, katika pwani ya Kilifi, walitenga hekta 30 za bahari yao ili samaki wapate kuzaana. Shamba nalo lataka kutunzwa, maana katika mchanga wa pwani mvua huizamisha rutuba upesi, mizizi isiipate. Basi maganda ya jikoni na majani mabichi yasitupwe. Yatieni katika gunia pamoja na samadi, mlifunge, mlitumbukize katika pipa la maji na kulifunika. Korogeni kila baada ya siku chache. Wiki tatu zikipita, izimueni mbolea hiyo kwa maji mpaka iwe na rangi ya chai nyepesi, mkaimwage shinani kidogo kidogo. Majani ya mboga yasimwagiwe, na mikono ioshwe kwa sabuni. Gharama yake ni gunia, pipa na kazi ya mikono tu.