Daktari anapoua: Jinsi sheria inavyotenganisha bahati mbaya, uzembe na mauaji

MGONJWA anapofariki mikononi mwa daktari au muuguzi, jamaa hujiuliza iwapo ameuawa na maradhi au na mtu. Jibu si rahisi. Dawa ile ile inayotuliza maumivu ndiyo inayoweza kukomesha pumzi, na mara nyingi tofauti huwa ni kipimo tu.

Sheria huvigawa vifo vya namna hii katika madaraja manne.

Daraja la kwanza ni bahati mbaya: mgonjwa amehudumiwa ipasavyo, lakini akafa. Hapa hakuna kosa.

La pili ni uzembe wa kawaida, ambao huwapa jamaa haki ya kudai fidia mahakamani. Tangu kesi ya Bolam iliyoamuliwa Uingereza mwaka wa 1957, kipimo kimekuwa iwapo madaktari wenzake wenye ujuzi kama wake wangeukubali utaratibu alioufuata.

La tatu ni uzembe uliokithiri, na hapo ndipo jinai inapoanza. Katika kesi ya Adomako, daktari wa nusukaputi alishindwa kutambua kwamba mpira wa kumpelekea mgonjwa hewa ulikuwa umechomoka wakati wa upasuaji wa jicho. Mwaka wa 1994, mahakama ya juu zaidi ya Uingereza wakati huo ilithibitisha kwamba alikuwa na hatia ya kuua bila kukusudia.

La nne ni mauaji ya kukusudia. Kifungu cha 203 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, ambayo mizizi yake imo katika sheria ya Uingereza, kinasema kuwa mwenye hatia ya mauaji ni yule anayesababisha kifo kwa kitendo kisicho halali au kwa kutotenda analopaswa, huku akiwa na dhamira mbaya. Hivyo basi, upande wa mashtaka hauna budi kuthibitisha kitendo pamoja na dhamira.

Dhamira ndiyo ngumu zaidi kuithibitisha. Mwaka wa 1957, Dkt John Bodkin Adams alishtakiwa mjini London kwa kumuua mgonjwa mzee kwa dawa za kulevya za hospitalini. Jaji Devlin aliwaeleza wazee wa baraza kwamba daktari anaruhusiwa kufanya yote yanayofaa ili kupunguza maumivu, hata kama hatua hizo zitafupisha maisha. Adams aliachiliwa huru.

Kanuni hiyo huwalinda madaktari waaminifu wanaowahudumia wagonjwa mahututi. Lakini si kila daktari ni mwaminifu, na mfano mmoja ni Dkt Harold Shipman wa mji wa Hyde, karibu na Manchester.

Shipman aliwadunga wagonjwa wake, wengi wao akina mama wazee, diamofini, ambayo ni heroini ya matibabu. Dawa hii ikizidi hupunguza kasi ya kupumua mpaka pumzi zikatike. Kisha yeye mwenyewe alijaza cheti cha kifo na kuandika kuwa ni uzee au maradhi ya moyo. Kwa kuwa maiti nyingi zilichomwa, ushahidi uliteketea.

Dalili zilikuwepo. Mwaka wa 1976 alikuwa amepatikana na hatia ya kughushi maagizo ya dawa ya pethidini aliyoitumia mwenyewe, lakini hakufutwa katika orodha ya madaktari. Mnamo Machi 1998, daktari wa kliniki jirani aliripoti kuwa wagonjwa wa Shipman walikuwa wakifa kwa wingi kupita kiasi. Polisi walichunguza juujuu wakaifunga faili, na watu wengine watatu wakauawa.

Kilichomponza ni tamaa. Mnamo Juni 1998 alimuua Kathleen Grundy, aliyewahi kuwa meya wa Hyde, na kughushi wasia wa kujirithisha mali yake. Binti wa marehemu, ambaye ni wakili, alitilia shaka hati hiyo. Mwili ulifukuliwa ukapatikana na mofini. Polisi waligundua kuwa wasia ulipigwa chapa kwa mashine ya Shipman, na kwamba kompyuta yake ilikuwa imehifadhi saa halisi alizobadilisha rekodi za wagonjwa baada ya kufa kwao.

Huo ndio uliokuwa ushahidi wa dhamira: daktari anayetuliza maumivu hana sababu ya kughushi rekodi. Mnamo Januari 31, 2000, alihukumiwa kifungo cha maisha kwa mauaji ya watu 15. Tume ya Jaji Janet Smith ilibaini mwaka wa 2002 kuwa alikuwa amewaua watu wasiopungua 215. Alijinyonga gerezani mnamo Januari 2004.

Tume hiyo ilionyesha hatari ya kumwachia mtu mmoja atibu, ashuhudie kifo na kukithibitisha. Hata hivyo, ni Septemba 2024 ambapo sheria ya Uingereza na Wales ilianza kulazimu kila kifo kisichopelekwa kwa afisa mchunguza vifo kikaguliwe na daktari mwingine huru.

Kwa msomaji wa Kenya, funzo ni kwamba ushahidi wa kitabibu huoza haraka. Jamaa wenye shaka wanafaa kuomba uchunguzi wa maiti kabla ya mazishi, kudai nakala za rekodi za hospitali mapema, na kupiga ripoti kwa polisi. Malalamiko kuhusu nidhamu hupelekwa kwa baraza linalosimamia madaktari au lile la wauguzi, lakini hilo haliondoi kesi ya jinai wala ya fidia.

Kuuliza swali si kumtuhumu daktari. Wengi wao hawana hatia, na rekodi iliyotunzwa vyema ndiyo inayowalinda wao kwanza.