Je, Wajua? Dripu, Zinki na Kijiko cha Asali

Je, wajua kwamba dawa ya kuharisha inayookoa watoto wengi zaidi ilipata umaarufu baada ya dripu kwisha? Mwaka 1971, wakimbizi wa vita vya Bangladesh walifurika Bangaon, India, na kipindupindu kikawavamia. Dk. Dilip Mahalanabis alipoishiwa dripu alichanganya chumvi, glukosi na magadi ndani ya mapipa, ndugu wakawa wanachota na kuwanywesha wagonjwa wao. Vifo vilivyokaribia asilimia 30 vilishuka chini ya asilimia 4.

Utumbo hufyonza chumvi pamoja na glukosi, na maji hufuata. Njia hiyo hubaki wazi hata mtu anapoharisha vibaya sana. Kwa hiyo mzazi anayeuliza, “Daktari, si umtundikie dripu?” ajibiwe hivi: mtoto akiweza kunywa, kwa kawaida ORS, yaani mchanganyiko huo wa chumvi na glukosi, inamtosha. Aliye chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, kijiko kwa kijiko. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea polepole zaidi. Hapo ndipo wengi huacha, na inasikitisha, kwa sababu sehemu kubwa ya alichokunywa huwa imeshabaki tumboni. Kunyonya kusikatizwe.

Vidonge vya zinki navyo vitumike siku 10 hadi 14, hata kama choo kimeshakuwa kigumu.

Dripu yenyewe ilipimwa hapahapa kwetu. Watoto zaidi ya 3,000 wa Kenya, Uganda na Tanzania, wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu lakini wasioharisha, walishiriki katika utafiti uliotangazwa mwaka 2011. Ndani ya saa 48, waliomiminiwa maji mengi kwa haraka walikufa asilimia 10.5, wasiomiminiwa, 7.3. Madaktari walitarajia kinyume chake, na utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati.

Kikohozi cha mafua je? Antibiotiki haigusi virusi vinavyokileta. Asali kijiko kidogo kabla ya kulala hutuliza kikohozi cha mtoto aliyetimiza mwaka. Asiyetimiza mwaka asilambishwe hata tone, maana asali huweza kubeba mbegu za bakteria zinazotoa sumu ya kupoozesha misuli. Na mtoto yeyote akipumua haraka au kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, mpeleke kituo cha afya usiku huohuo.