LENNOX LEWIS: BINGWA ALIYEPIGANA KWA AKILI, NA MAPIGANO YALIYOMPITA

Mtu akitaka kuzusha mabishano baina ya wapenzi wa mchezo wa ngumi, na alitaje jina la Lennox Lewis. Mmoja atasema kwamba katika zama zake hapakuwa na bondia wa uzito wa juu aliyemzidi kwa maarifa. Wa pili atauliza ni bingwa gani huyo aliyeangushwa mara mbili, kila mara kwa konde moja tu. Wa tatu, ambaye aghalabu ni mtu wa makamo mwenye kumbukumbu ndefu, atataka kujua mbona hakupigana na Riddick Bowe. Wote watatu wana haki ya kusikilizwa, kwa kuwa katika habari za Lewis kila mmoja wao atapata ushahidi wa kutosha.

Kwanza zitazamwe hesabu. Lewis alipigana mapigano 44 ya kulipwa, kuanzia mwaka 1989 hata 2003. Alishinda 41, na katika hayo 32 aliyamaliza kabla ya raundi kutimia. Alishindwa mara 2, na mara 1 akatoka sare. Wale wawili waliomshinda alirudiana nao akawashinda, na yule aliyetoka naye sare alimshinda pia miezi minane baadaye. Yaani, katika watu wote waliopanda ulingoni kupigana naye kwa malipo, hakubaki hata mmoja ambaye hakumshinda. Mabingwa wa uzito wa juu wanaoweza kusema hivyo ni wachache mno.

Alizaliwa London mwaka 1965, wazazi wake wakiwa watu wa Jamaika, na alipofikisha miaka 12 akaenda kuishi Kitchener katika nchi ya Kanada. Huko ndiko alikojifunza ngumi. Mwaka 1984 alikwenda Los Angeles katika michezo ya Olimpiki akashindwa na Mmarekani Tyrell Biggs. Vijana wengi wa umri wake wangeziendea fedha mara moja. Yeye alikaa miaka minne mingine akipigana bila malipo, akingoja Olimpiki ya pili. Na huyo Biggs naye hakumsahau: alikutana naye tena Atlanta mwaka 1991, wote wakiwa watu wa kulipwa, akammaliza katika raundi ya tatu.

Olimpiki hiyo ya pili ilikuwa ya Seoul, mwaka 1988. Wakenya wana sababu yao ya kuikumbuka, kwa maana ndiko Robert Wangila alikompiga Mfaransa Laurent Boudouani akaileta nyumbani medali ya dhahabu, ambayo mpaka leo Kenya haijapata nyingine katika ngumi. Katika ulingo huo huo Lewis, akivaa rangi za Kanada, alisimama na Riddick Bowe wa Marekani katika pigano la mwisho la uzito mkubwa kuliko wote. Raundi ya kwanza Bowe alitangulia. Katika raundi ya pili mkono wa kulia wa Lewis ukampata, refarii akamhesabia mara mbili, kisha akalisimamisha pigano. Bowe alilalamika kwamba alikuwa bado ana nguvu. Raundi hizo mbili ndizo pekee ambazo watu hao wawili walipata kupambana mbele ya waamuzi maisha yao yote.

MKONO WA KUSHOTO NA FIMBO YA MTONI

Lewis alikuwa na kimo cha futi sita na inchi tano, na mikono yake ikinyoshwa ilifika inchi 84 kutoka ncha hata ncha. Mwili mkubwa namna hiyo si jambo la ajabu peke yake. La ajabu ni kwamba aliutumia kama mtu mdogo mwenye hadhari. Mkono wa kushoto aliutanguliza kama msafiri avukaye mto anavyotanguliza fimbo yake, akipima kina kabla ya kuweka mguu. Mpinzani akiusukuma, Lewis alijua jambo moja. Akiukimbia, alijua jingine. Kisha, pengine baada ya raundi nne au tano za kupima hivyo, ulikuja mkono wa kulia, na mara nyingi hapakuwa na haja ya mwingine. Alikuwa na konde jingine lililopanda kutoka chini, na hilo liliwasumbua wale waliofikiri kwamba wakiinama watapona.

Nje ya ulingo alipenda sana kucheza sataranji, na waandishi wa magazeti walilifanya jambo hilo kuwa msemo hata likachosha. Hata hivyo halikuwa uongo. Alipigana kama karani mwangalifu anavyopitia hesabu mara mbili kabla ya kutia sahihi. Tabia hiyo ndiyo iliyomletea ushindi, na ndiyo iliyowafanya watazamaji wengi wasimpende. Alipompiga David Tua mwezi wa Novemba 2000 raundi zote kumi na mbili kwa kumweka mbali tu, baadhi ya waliolipa viingilio walizomea. Walitaka damu, wakapewa somo.

Lakini kusema kwamba alikuwa mwoga ni kusema jambo ambalo macho yanalikanusha. Donovan Ruddock alikuwa akiogopwa na wengi. Mwezi wa Oktoba 1992, katika London, Lewis alimmaliza katika raundi ya pili. Andrew Golota, ambaye alikwisha kumtesa Bowe mara mbili, hakudumu hata dakika mbili mbele yake mwaka 1997. Michael Grant, kijana mkubwa kuliko yeye, alianguka katika raundi ya pili mwaka 2000. Mtu mwoga hawaendei watu kama hao kwa haraka namna hiyo.

Ukweli ni kwamba alikuwa na Lewis wawili. Wa kwanza alitegemea mno mkono wake wa kulia, akiuacha ushuke na kuurusha kutoka mbali, huku miguu yake ikiwa haijatulia. Huyo ndiye aliyekutana na Oliver McCall katika Wembley mwezi wa Septemba 1994, akapigwa konde moja katika raundi ya pili. Alisimama, lakini refarii alimtazama macho akakomesha pigano. Aliyemfundisha McCall namna ya kulitega konde hilo alikuwa mwalimu mashuhuri wa Detroit, Emanuel Steward. Lewis alifanya jambo ambalo wenye kiburi hawalifanyi: badala ya kumchukia Steward, alimwajiri. Tangu siku ile alijengwa Lewis wa pili, mwenye miguu iliyotulia na mkono wa kushoto wenye kazi. Wakabaki pamoja mpaka mwisho.

MKANDA KATIKA PIPA

Sasa yaja mambo yaliyompita. La kwanza na la uchungu zaidi ni la Bowe. Mwishoni mwa mwaka 1992 ilikuwa imeafikiwa kwamba atakayeshinda kati ya Lewis na Ruddock akutane na atakayeshinda kati ya Evander Holyfield na Bowe. Lewis akashinda, siku kumi na tatu baadaye Bowe naye akashinda, akawa bingwa wa dunia. Watu wakangoja. Pakawa na mivutano juu ya mgawo wa mapato, na mwezi wa Desemba Bowe alikuja London, akauchukua mkanda wa W.B.C. mbele ya waandishi wa magazeti, akautupa katika pipa la takataka. Alisema maneno mengi ya dharau siku ile. Lakini mtu anayeamini kwamba atamshinda mwenzake hana haja ya kutupa mkanda, husaini mkataba. Bowe alikuwa bondia hodari sana, hasa katika kupigana kwa karibu, na kwa hiyo inafaa kusemwa wazi kwamba katika shauri hili lawama kubwa ni ya upande wake.

Lewis akapewa mkanda huo bila kupigana, na hilo lilimdhuru kuliko lilivyomfaa. Kwa miaka mingi aliitwa bingwa wa karatasi. Baada ya McCall kumwangusha, biashara ya pigano la Bowe ikaharibika. Na ilipofika mwisho wa mwaka 1996 Bowe alikuwa amechakazwa na Golota, akaacha ngumi. Lewis mwenyewe wakati huo alikuwa anakaribia kilele chake.

La pili ni la Mike Tyson, na hapa Lewis hawezi kutoka akiwa safi kabisa. Wawili hao walijuana tangu ujana. Mwaka 1984 Lewis alikwenda Catskill katika New York wakafanya mazoezi pamoja. Tyson alipotoka gerezani mwaka 1995 na kuupata tena mkanda wa W.B.C. mwezi wa Machi 1996, Lewis ndiye aliyekuwa na haki ya kupigana naye kwanza. Badala yake alipewa dola milioni 4 akae kando ili Tyson apigane na mwingine, naye akazipokea. Tyson akauacha mkanda badala ya kupigana naye. Watetezi wa Lewis husema kwamba mahakama na mabaraza ya ngumi yangeweza kulichelewesha shauri lake vivyo hivyo, na pengine ni kweli. Hata hivyo mtu akipokea fedha ili pigano lisifanyike, hawezi baadaye kulalamika sana kwamba halikufanyika.

Walipopambana hatimaye, Memphis, tarehe 8 Juni 2002, Lewis alikuwa na miaka 36 na Tyson alikaribia kufikisha hiyo hiyo. Tyson alikuja kwa nguvu katika raundi ya kwanza tu. Baada ya hapo mkono wa kushoto ulimfungia mlango, na katika raundi ya nane ule wa kulia ukamlaza chali. Lilikuwa somo kamili, lakini kwa mtu aliyekwisha kupungua. Je, Tyson wa mwaka 1988 angefanya nini? Alikuwa mwepesi wa kichwa na mikono, naye Lewis wa mwaka huo alikuwa bado hajaanza hata kulipwa. Swali hilo halina jibu. Linaloweza kusemwa ni kwamba Lewis wa miaka ya Steward alikuwa na kila kitu kinachomtatiza mtu mfupi: urefu, subira, na konde la kutoka chini.

Hata Holyfield alipatikana kwa taabu. Mwezi wa Machi 1999, New York, mikanda mitatu ilikuwa mezani. Lewis alihesabiwa makonde 348 yaliyofika, Holyfield 130, lakini waamuzi wakatangaza sare: mmoja alimpa Lewis, mmoja Holyfield, na mmoja akagawa sawasawa. Kelele zilikuwa kubwa, na kwa haki. Mwezi wa Novemba, Las Vegas, waamuzi wote watatu walimpa Lewis, akawa bingwa mmoja wa dunia asiye na mshindani wa jina. Baada yake hapakutokea mwingine wa uzito wa juu aliyekusanya mikanda yote mikubwa ya wakati wake mpaka Mei 2024, Oleksandr Usyk alipomshinda Tyson Fury katika Riyadh.

Doa lake jingine lilitokea katika Afrika, na wakaaji wa nyanda za juu wataelewa upesi. Mwezi wa Aprili 2001 alikubali kupigana na Hasim Rahman huko Brakpan karibu na Johannesburg, mahali palipo zaidi ya futi 5,000 juu ya bahari, kama Nairobi. Rahman alikwenda mapema akauzoesha mwili wake hewa ile nyepesi. Lewis alikuwa amepoteza siku Las Vegas akionekana katika picha ya sinema, akafika kwa kuchelewa, naye ana ratili zaidi ya 250. Kila mtu wa pwani aliyepanda Limuru na kujaribu kukimbia siku ile ile anajua mambo yalivyokwenda. Katika raundi ya tano alikuwa akihema kwa kinywa wazi, mgongo kwenye kamba, pengine hata akitabasamu. Mkono wa kulia wa Rahman ukamlaza. Ilimbidi aende mahakamani New York ili apewe marudio. Alipoyapata mwezi wa Novemba mwaka huo huo, alikuja na mwili uliofanyiwa kazi, akamlaza Rahman katika raundi ya nne kwa konde ambalo hadi leo watu huonyeshana.

Pigano lake la mwisho ndilo lililoacha deni. Tarehe 21 Juni 2003, Los Angeles, mpinzani aliyepangwa aliumia, na mahali pake akaingizwa Vitali Klitschko wa Ukraini zikiwa zimebaki wiki mbili tu. Lewis alikuwa mzito kuliko siku yoyote ya mapigano yake, na katika raundi ya pili aliyumbishwa. Katika raundi ya tatu mkono wake wa kulia ulipasua ngozi juu ya jicho la Klitschko. Baada ya raundi ya sita daktari alikataza pigano lisiendelee, ingawa waamuzi wote watatu walikuwa wamempa Klitschko alama nyingi zaidi, 58 kwa 56. Ushindi ulikuwa halali, kwa kuwa kidonda kilitokana na konde wala si kichwa. Lakini umma ulitaka marudio, na fedha zilikuwapo.

Lewis alifikiri kwa miezi saba. Tarehe 6 Februari 2004 alitangaza kwamba ameacha, akiwa bado bingwa, kama walivyofanya Gene Tunney na Rocky Marciano kabla yake. Watu wengine walimwambia kwamba amekimbia. Alikuwa na miaka 38, na mwezi wa Aprili Klitschko alimpiga Corrie Sanders wa Afrika ya Kusini akauchukua mkanda ulioachwa. Mabondia wengi wa umri wa Lewis walirudi ulingoni kwa kutafuta fedha au sifa, akiwamo Holyfield, akiwamo hata Bowe. Yeye hakurudi.