Kiota Kimoja, Baba Wangapi?

Kuku wako akitotoa vifaranga kumi, je, wote ni wa jogoo mmoja? Si lazima. Kama majogoo ni wawili, pengine rangi za vifaranga zitakuonyesha.

Kwa kobe wa majini rangi haisaidii, maana watoto wote wanafanana. Hapo wataalamu hupima damu.

Huko Marekani na Kanada yuko kobe aitwaye kobe wa Blanding. Anaishi kwenye mabwawa na vinamasi, na koo lake ni la njano. Kobe huyu yumo katika hatari ya kutoweka. Vinamasi vingi vimekaushwa. Majike wakivuka barabara kwenda kutaga, hugongwa na magari. Tena hukua polepole: jike huanza kutaga akiwa na miaka 14 hadi 20. Kwa hiyo akifa mmoja, pengo lake halizibiki upesi.

Sasa baba wa watoto hujulikanaje? Kila mtoto hupata nusu ya urithi wake kwa mama na nusu kwa baba. Urithi huo umo ndani ya damu. Wataalamu huchukua damu kidogo ya mama na ya watoto, wakatafuta alama za urithi.

Tuchukue mfano. Baba ana mfuko wenye mbegu mbili, nyeupe na nyekundu. Kila mtoto humpa moja tu. Basi watoto wake watakuwa na nyeupe au nyekundu, hakuna nyingine. Wataalamu wakishaondoa sehemu ya mama, wakakuta nyeupe, nyekundu na nyeusi, wanajua kuwa kiota hicho kina baba zaidi ya mmoja.

Utafiti uliofanywa Minnesota, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2009, ulikuta jambo hilo katika viota vingi vya kobe wa Blanding.

Je, kujua hivyo kuna faida gani? Iko kubwa. Ukihesabu kobe bwawani, unajua idadi yao tu. Hujui ni wangapi wanaozaa. Huenda madume wachache ndio baba wa watoto wote. Watoto hao ni ndugu. Wakikua watazaana wenyewe kwa wenyewe, na kizazi kitadhoofika. Ni sawasawa na mfugaji anayeacha fahali mmoja apande mpaka binti zake.

Kwa hiyo kulinda mayai peke yake hakutoshi. Lazima madume nao walindwe, na njia kati ya bwawa na bwawa zibaki wazi, ili kobe wa huku wakutane na wa kule.

TUJADILIANE
1. Kwa nini kuhesabu kobe peke yake hakutoshi?
2. Hapa kijijini, fahali mmoja hutumika miaka mingapi? Je, ni vizuri?