Rangi Nyeusi Katika Harusi: Ni Pambo au Ni Mkosi?



Ndugu zangu Waislamu, na khasa nyinyi mama zetu na dada zetu ambao ndio wenye kubeba mzigo wa harusi zetu, leo napenda tuzungumze jambo ambalo huenda likaonekana dogo, lakini nimeliona likikaribia kuvunja nyumba.

Mwaka jana, mwezi wa Shaaban ulipoingia na kumbi za mji zikajaa harusi kama ilivyo ada yetu kabla ya mfungo, nilipigiwa simu na mama mmoja wa mtaani kwetu baada ya sala ya Isha. Mama huyu ni mjane. Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, naye alikwisha toka edani miezi kadhaa nyuma. Binti yake alikuwa anaolewa, na kwa siku ya kupambwa alichagua rangi mbili: nyeusi na dhahabu. Shangazi wa binti, dadake marehemu, alipopata habari alikataa katakata. Alisema nyumba iliyotoka msibani haitiwi weusi, kwani kufanya hivyo ni kuuita msiba wa pili, na kwamba yeye hataukanyaga ukumbi huo. Binti alilia, mama akabaki katikati.

"Sheikh, tufanyeje?" aliniuliza.

Nami, kwa kutaka kuumaliza mzozo upesi, nilijibu, "Mwambieni abadilishe. Rangi ziko nyingi." Nikakata simu nikidhani nimesuluhisha.

Siku ya pili, wanafunzi walipokwisha toka madrasa, binti yule alikuja na nduguye mdogo wakasimama mlangoni. Alinitolea salamu kwa adabu, kisha akasema, "Maalim, nimekubali kubadilisha, wala sikuja kubishana. Nataka kujua tu, nimekatazwa kwa aya gani au kwa hadithi gani?"

Sikuwa na jibu. Nilimwomba anipe siku mbili.

DINI INASEMAJE?

Nilirudi kwenye vitabu, na kila nilipofungua nilijikuta nimesahihishwa mimi. Katika Sahihi ya Imam Bukhari imo habari ya Umm Khalid, msichana mdogo aliyezaliwa Uhabeshi wakati Waislamu walipohamia huko. Mtume (S.A.W.) aliletewa nguo, na miongoni mwake mlikuwa na kishali kidogo cheusi chenye alama za kijani au manjano. Aliwauliza waliokuwapo ni nani wa kuvishwa, wakanyamaza. Akaagiza aletwe Umm Khalid, naye akaletwa hali amebebwa. Mtume akamvisha kwa mkono wake mwenyewe, akamwombea aishi na nguo ile mpaka aichakaze, kisha akamsifia uzuri wake kwa neno la Kihabeshi ili mtoto afurahi. Basi tazameni: nguo ni nyeusi, anayevishwa ni mtoto wa kike, na siku yenyewe ni ya furaha.

Jabir bin Abdillahi (R.A.) amepokea kwamba Mtume aliingia Makka siku ya ufunguzi, mwaka wa 8 wa Hijra, akiwa na kilemba cheusi. Hiyo haikuwa siku ya msiba. Bibi Aisha (R.A.) naye amesimulia kwamba Mtume alitoka asubuhi moja amejifunika nguo nyeusi yenye michoro. Na Nyumba Tukufu ya Al-Kaaba, ambayo mamilioni huilekea kila siku, imevishwa kiswa cheusi kilichofumwa maandishi ya uzi wa dhahabu. Rangi mbili zile zile alizozichagua binti yetu!

Ama kuiona rangi kuwa ni mkosi, hilo ndilo lililokatazwa. Waarabu wa zama za ujinga walikuwa wakimtazama ndege aruke upande gani ndipo waamue kusafiri au kuketi, na kwa ajili hiyo itikadi hiyo ikaitwa "twiyara", kutokana na neno la ndege. Nasi Waswahili, kwa mlango ule ule, tunasema "ndege mbaya". Mtume alilivunja jambo hilo, akatuhimiza badala yake kupenda kauli njema na kuwa na matarajio mazuri. Kudhuru na kunufaisha kumo mikononi mwa Mwenyezi Mungu peke yake, wala hakumo katika kitambaa.

Kama rangi ingekuwa inaleta mauti, ingetupasa kwanza kuikimbia nyeupe, kwani hiyo ndiyo tunayokafiniwa. Lakini nyeupe tumeipokea katika harusi bila swali, na gauni jeupe la bibi harusi asili yake ni Ulaya. Lilipata umaarufu mkubwa baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kulivaa alipoolewa mwaka 1840. Sisemi ni haramu. Nasema tu kwamba tusiipe desturi cheo cha dini.

Huenda mtu akauliza kuhusu katazo la kupaka nywele rangi nyeusi. Ndio, ipo hadithi kuhusu mvi za babake Sayyidna Abubakar, na wanavyuoni wameijadili kwa urefu. Lakini mjadala huo ni wa kuzificha mvi, haukuhusu nguo wala mapambo.

WEUSI ULIKUWAMO SIKU ZOTE

La kushangaza zaidi ni kwamba harusi ya Mswahili haijawahi kukosa weusi. Nendeni maduka ya leso ya Biashara Street hapa Mombasa mkaulize kisutu. Ni miongoni mwa leso kongwe kabisa za pwani yetu, nayo ndiyo leso ya bibi harusi tangu zama za mabibi zetu. Rangi zake ni tatu: nyekundu, nyeupe na nyeusi. Mtazameni na bwana harusi anavyotoka kwenda msikitini: kanzu nyeupe, kilemba, na juu yake joho, ambalo mara nyingi huwa jeusi lenye ukingo wa uzi wa dhahabu. Kiti cha enzi cha majumba ya Lamu, ambacho ni kiti cha heshima, kilikuwa cha mpingo mweusi uliotiwa nakshi za pembe. Na jicho la bibi harusi, je, halitiwi wanja?

Basi hofu hii ilitoka wapi? Kwa maoni yangu, sehemu moja ni kumbukumbu ya kaniki, kile kitambaa kilichotiwa nili kikakoza mpaka kikawa kama cheusi. Karne ya 19 kilikuwa vazi la watumwa na mafukara, na aliyekuwa na uwezo hakukubali kuonekana nacho katika shughuli. Sehemu ya pili imetujia kutoka kwa wengine ambao nyeusi kwao ni sare ya matanga. Kwetu Waislamu matanga hayana rangi. Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, akijiepusha na mapambo, iwe pambo hilo ni jeusi au la rangi yoyote. Na jamaa wengine wa maiti wamewekewa mpaka wa siku tatu. Rangi haikutajwa kuwa ndiyo alama ya huzuni.

NILIVYORUDI NYUMBANI KWAO

Siku ya tatu nilikwenda kwao, nikawakuta wote watatu. Jambo la kwanza nililofanya ni kuwataka radhi, kwa kuwa nilitoa jibu bila ya kulichunguza. Kisha nikamgeukia shangazi.

"Bi mkubwa," nikamwambia, "siku ya harusi yake, marehemu ndugu yako alivaa joho la rangi gani?"

Alikaa kimya kwa muda. "Jeusi," akasema. "Na mimi ndiye niliyelipiga pasi." Akaanza kulia. Kisha akasema, "Sikuwa tayari kwa harusi, Sheikh. Mpaka leo namuona akiingia mlangoni."

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba mzozo haukuwa wa kitambaa. Mama yule aliinuka bila ya kusema neno, akafungua sanduku, akatoa kisutu alichoolewa nacho, akakiweka mapajani mwa wifi yake. Mimi niliaga nikawaacha.

Ndugu zangu, hapa pana funzo kwetu sote. Binti alikuwa na haki kisheria. Lakini moyo wa shangazi nao una haki yake, na majonzi ya mtu hayalaumiwi maadamu hayajawa ni kumkufuru Mungu wala kuwaharamishia wengine kilicho halali. Tusiwajibu wazee wetu kwa dalili tu. Tuwaulize kwanza ni kitu gani kinachowauma.

NAMNA YA KUUTUMIA

Kwa wale wanaotaka rangi hii katika harusi zao, nimewauliza wapambaji wenye uzoefu, nao wamenipa nasaha hizi.

Weusi ufanyiwe kazi ya wino katika ukurasa: ndio unaodhihirisha, lakini karatasi iachwe nyeupe. Kuta na dari zikifunikwa zote kwa kitambaa cheusi, ukumbi huwa kama pango, kwani rangi hii humeza mwangaza. Afadhali nguo za ukutani ziwe nyeupe au za rangi ya maziwa, kisha weusi uonekane kwenye kiti cha bibi harusi, mikanda ya viti, vitambaa vya meza na kingo za jukwaa.

Nyeusi hupatana na dhahabu, nyeupe, kijani kilichokoza na nyekundu ya damu ya mzee. Haipatani na buluu iliyoiva, kwani kwenye taa za usiku hazitofautiki, na mtu hudhani kitambaa kimepungua kikaungwa kingine. Asumini na mawaridi yaliyopangwa juu ya sinia nyeusi hupendeza kuliko juu ya nyeupe, na gharama yake ni ndogo.

Mahameli nyeusi ni nzuri kwa macho, lakini hushika vumbi na nyuzi, na wakati wa kaskazi humtesa aliyeivaa. Atakayeketi jukwaani muda mrefu achague kitambaa chepesi.

Lakini faida kubwa ya rangi hii iko kwa wageni. Mnajua jinsi sare zilivyotuelemea. Nyumba moja hualikwa harusi tatu mwezi mmoja, na kila harusi ina kitambaa chake na mshoni wake. Yuko jirani ambaye hakuja harusini, akasingizia maradhi, kumbe hakuwa na pesa za sare. Mtume ametuonya kuhusu karamu ambayo hualikwa matajiri wakaachwa mafukara. Na sare ya ghali humzuia fukara hata kama kadi ameletewa. Basi rangi ikiwa nyeusi, kuna mwanamke gani wa pwani asiye na buibui au abaya nyeusi nyumbani? Mwambieni kila mmoja aje na lake, aongeze mtandio wa rangi ya dhahabu tu. Asiye na mtandio aazimwe.

WEUSI WA KUOGOPWA

Ikiwa bado yuko anayetaka weusi wa kuuogopa, namwelekeza kwenye piko. Hina ya majani haitoi weusi wa makaa. Hutoa rangi ya machungwa ambayo hukoza ikawa nyekundu ya hudhurungi, tena kwa subira ya saa kadhaa. Ile inayoitwa hina nyeusi, inayokoza upesi, mara nyingi ni dawa ya kupakia nywele, na ndani yake mna kemikali iitwayo PPD ambayo haikukusudiwa kuachwa juu ya ngozi. Kuna ambao huwashwa, wakafura na kutoka malengelenge, wakati mwingine siku kadhaa baada ya kupakwa, na makovu yakabaki. Na mwili ukishaikataa dawa hiyo, huenda ukaikataa maisha yote. Watoto wasipakwe kabisa. Tena, piko ikiacha utando juu ya ngozi, huzuia maji ya udhu yasifike, na bibi harusi atapoteza sala katika siku anayozihitaji dua mno. Mama, muulize mpakaji amechanganya nini kabla hujampa mkono wa mwanao.

HATIMA YAKE

Mimi sikuingia ukumbini, kwani ni mahali pa wanawake. Habari nimezipata kwa mke wangu. Kiti kilikuwa cheusi chenye nakshi za dhahabu, kikazungukwa na asumini. Bibi harusi, kwa hiari yake, alivaa gauni la rangi ya maziwa ili kumridhisha shangazi yake, na hina yake ilikuwa ya majani. Shangazi alifika mapema kuliko wote. Yeye ndiye aliyemfunga mwali kikuba, na kile kisutu cha mamake kilikuwa kimetandikwa juu ya kiti.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awabariki vijana wetu wanaooa na kuolewa, awajaalie mapenzi na huruma baina yao, awarehemu wazazi waliotangulia ambao hawakuziona siku hizi, na atuepushe na kuharamisha alichokihalalisha. Amin.

Wabillahi tawfiq.