Mikono ya Chuma Katika Viwanda vya Magari

Mwaka 1961, katika kiwanda cha General Motors karibu na mji wa Trenton, jimbo la New Jersey nchini Marekani, aliingia kazini mfanyakazi wa namna mpya. Hakuwa na kichwa wala miguu. Alikuwa mkono mmoja wa chuma, wenye uzito upatao kilo 1,800, na jina lake Unimate. Kazi yake ilikuwa kutoa katika kalibu vipande vya metali vilivyo moto, kazi ambayo mwanadamu huifanya kwa kuhatarisha ngozi na mapafu yake.

Mashine hiyo ilibuniwa na George Devol, naye Joseph Engelberger akaianzishia biashara. Mashine ya kawaida hujua tendo moja tu; roboti hufundishwa. Fundi huuongoza mkono hatua kwa hatua, hatua hizo huwekwa katika kumbukumbu ya mashine, nayo huzirudia usiku na mchana bila kuchoka. Kazi ikibadilika, mashine hufundishwa upya. Ndiyo maana ilifaa sana kwa kuchomelea mabodi ya magari, kwani bodi moja huunganishwa kwa maelfu ya nukta za moto. Mwaka 1969 kampuni ya Kawasaki ilianza kuunda roboti hizo nchini Japani.

Lakini neema hiyo ilikuja na mashaka yake. Huko Lordstown, jimbo la Ohio, roboti zilisaidia kuharakisha kazi hata magari yapatayo 100 yakakusudiwa kutoka kila saa. Binadamu waliobaki kwenye mstari walitakiwa kwenda mwendo huo huo, hali wenzao wamepunguzwa. Machi 1972 waligoma kwa siku 22.

Tarehe 25 Januari 1979, katika kiwanda kimoja cha magari huko Flat Rock, Michigan, kijana wa miaka 25 alipanda kwenye rafu kuchukua vipuri. Mkono wa mashine ukampiga kwa nyuma, akafa papo hapo. Mwaka 1983 baraza la mahakama liliamua jamaa zake walipwe dola milioni 10.

Siku hizi roboti kubwa huzungushiwa uzio, na mlango wa uzio ukifunguliwa mashine husimama. Chuma hakina macho ya huruma. Ni wajibu wa mwenye kukiendesha kumwonea huruma mwenzake.