Wenyeji Waliombeba Ibn Battuta

Safari ya miaka mingi haibebeki mfukoni. Ibn Battuta alipotoka kwao Tangier, Moroko, mwaka 1325, alikuwa kijana wa miaka 21 aliyekusudia kuhiji. Aliporejea Moroko mwaka 1349 alikuwa ameshapita Misri, Uarabuni, pwani ya Afrika Mashariki, Uturuki, India na Uchina. Karibu kila mji alikuwa na mahali pa kufikia. Ukarimu huo haukusimama kwa moyo mwema peke yake. Ulikuwa na fedha zake, kanuni zake na watu wa kuusimamia.

Misri fedha zilitoka kwenye wakfu. Watawala na matajiri walitenga mashamba na maduka, na mapato yake yakaendesha zawiya, nyumba za masufi zilizopokea wasafiri. Ibn Battuta anasimulia kwamba huko Kairo wakazi wa zawiya waliulizwa asubuhi wanataka kula nini, kisha kila mmoja akapakuliwa kwenye bakuli lake. Walipewa hata sabuni ya kufulia na mafuta ya kuwashia taa.

Mogadishu, alikofika mwaka 1331, mwenyeji wa mfanyabiashara alikuwa pia dalali wake. Meli ilipotia nanga, vijana waliifuata kwa mashua, kila mmoja na chakula kilichofunikwa, akamkabidhi mfanyabiashara mmoja na kutangaza kuwa huyo ni mgeni wake. Tangu hapo mgeni alikaa kwa mwenyeji huyo, isipokuwa kama alikwishauzoea mji. Mwenyeji alimuuzia bidhaa na kumnunulia alichohitaji. Mauzo yaliyompunja mgeni, au yaliyofanyika mwenyeji asipokuwapo, hayakutambuliwa. Hiyo ni busara kubwa ya kibiashara: asiyejua bei za soko alilindwa, na mwenyeji naye alipata riziki yake.

Msomi hakupewa dalali. Kadhi alimpokea Ibn Battuta ufukoni na kumpeleka kwanza kwa sultani, kama ilivyokuwa desturi, naye sultani akatoa tambuu na popoo. Kisha wageni wakalazwa katika nyumba ya wanafunzi. Chakula chao mtu wa pwani atakitambua mara moja: wali wa samli uliowekewa juu vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, mtindi, na pembeni achari ya limau na ya pilipili, tangawizi mbichi na embe. Siku tatu mfululizo kililetwa mara tatu kwa siku. Siku ya nne, Ijumaa, wakaletewa nguo za kuvaa msikitini.

Uturuki, baadaye, waliomkirimu walikuwa mafundi wa kawaida. Vijana wa kazi mbalimbali walijiunga katika vyama na kumchagua kiongozi aliyeitwa akhi. Mchana walifanya kazi zao. Baada ya alasiri walimletea walichochuma, kikanunuliwa chakula cha msafiri aliyeingia siku hiyo. Asipotokea mgeni, walikula wenyewe pamoja. Mjini Antalya alialikwa na mtu mwenye nguo chakavu na kofia ya sufu, akadhani maskini yule hataweza gharama. Kumbe alikuwa fundi viatu, na nyuma yake palikuwa na wenzake wapatao 200. Huko Ladhiq, ambayo leo ni Denizli, watu walitoka madukani wakashika hatamu za farasi na baadhi wakachomoa visu. Wageni walidhani wamevamiwa. Ugomvi ulikuwa baina ya vyama viwili, kila kimoja kikitaka kuwapokea, kura ikapigwa.

Delhi ukarimu ulikuja na deni. Sultani Muhammad bin Tughluq alirudishia zawadi za wageni kwa zawadi kubwa zaidi, hivyo wafanyabiashara wakawakopesha wageni ili wapate cha kumpelekea. Ibn Battuta, aliyefanywa kadhi huko, alifikisha deni la dinari 55,000, na ilibidi sultani mwenyewe alilipe.

Mazoea hayo yalimfanya ahesabu takrima kuwa haki yake. Alipofika Mali mwaka 1352, Mansa Sulayman alimpelekea mikate mitatu, kipande cha nyama ya ng'ombe iliyokaangwa na kibuyu cha maziwa ya mgando. Alicheka, kisha baadaye akamlalamikia mfalme hadharani kwamba amekutana na wafalme wa dunia na hajui atawaambia nini juu yake. Akapewa nyumba na posho, na siku ya kuondoka mithkali 100 za dhahabu.